Nyumba ya Antonio Machado, Segovia: nendeni wenyewe, msipelekwe

Nianze na hukumu, maana najua wengi mnatazama nyota tu halafu mnaondoka. Nyumba aliyopanga mshairi Antonio Machado mjini Segovia, Hispania: nyota tano. Ziara ya basi niliyoinunua Madrid ili inifikishe hapo: nyota moja, na hiyo ni ya dereva, aliyepanda milima ya Guadarrama kwa adabu na kumsubiri bila kununa bibi mmoja aliyesahau mkongojo wake hotelini. Jina la kampuni silitaji. Za namna ile ziko tele, na zote zinauza siku ileile.

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa katika sekondari ya wasichana, Tanga. Mdogo wangu yuko Madrid, analea wazee, na likizo ya Desemba akanitumia tiketi. Kihispania changu ni cha kuokoteza: nikisoma polepole Kifaransa kinanivusha, wakisema haraka naachwa stendi. Machado nilimjua kama wanavyomjua wengi, kwa ule ubeti unaochapwa hadi kwenye vikombe vya chai, unaomwambia msafiri kwamba njia hakuna, njia hufanyika kwa kutembea. Baadaye ndipo nikajua kwamba bwana huyu alikuwa mwalimu wa Kifaransa. Tena si wa kujishikiza huku akisubiri umaarufu. Alifundisha Kifaransa katika shule za serikali kuanzia 1907 mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1936 vilipovuruga kila kitu. Hapo nikasema lazima nikaone alikolala.

Tangazo la ziara liliahidi siku nzima ya kufuata nyayo za mshairi. Nyayo zenyewe zilianzia chini ya ule mfereji wa maji wa Warumi, matao ya mawe yaliyopangwa bila saruji, mita 28 hivi kwenda juu. Nakubali, unatisha kwa uzuri. Lakini tulikaa pale mpaka vidole vikafa ganzi, kwa sababu mwongozaji wetu alikuwa na binamu mwenye duka la kumbukumbu upande wa pili wa uwanja. Kisha chakula cha mchana, ambacho kilikuwa ndani ya bei. Sifa ya Segovia ni mtoto wa nguruwe wa kuokwa, anayekatwa mbele ya wageni kwa ukingo wa sahani ili waone alivyolainika. Mimi ni Mwislamu na nilishaandika hivyo kwenye fomu yao. Mhudumu, kijana mwungwana kabisa, akaniletea badala yake maharage meupe makubwa kama kidole gumba. Yalikuwa mazuri, ila ndani yalikuwa yanaogelea na soseji ya mnyama yuleyule. Nikala mkate, saladi na yai la kuchemsha, nikawatazama wenzangu wakipiga picha sahani.

Tulipofika mtaa wa Desamparados, nambari 5, mwongozaji alinyoosha mwavuli wake akasema: nyumba ya mshairi ndiyo hii, pigeni picha, basi linaondoka saa kumi na nusu. Hakuna kuingia. Kiingilio hakikuwamo kwenye bei, na kilikuwa kidogo kuliko kahawa yangu na keki ya asubuhi. Nikamuaga mwongozaji huyo, nikamwambia arudi na kiti changu kitupu, nikaingia.

Sasa tuje kwenye nyumba.

Ni nyumba ya kawaida kabisa katika kichochoro cha mji wa kale, karibu na mnara mrefu wa kanisa la San Esteban. Unapita kwanza kwenye kiua kidogo chenye bustani, na hapo utakutana na kichwa cha Machado kilichochongwa na rafiki yake Emiliano Barral. Machado alilipa kazi hiyo kwa shairi, linalomweleza mchongaji akimtoa taratibu ndani ya jiwe lenye rangi ya waridi. Barral aliuawa 1936 katika ulinzi wa Madrid. Msilipite jiwe hilo mbiombio kukimbilia ngazi.

Juu ndiko ilikokuwa nyumba ya wapangaji ya Bi Luisa Torrego. Machado alihamia hapo mwishoni mwa 1919 na kukaa mpaka 1932. Miaka yote hiyo hakutafuta nyumba yake mwenyewe Segovia. Alikuwa na umri wa miaka 44 alipoingia, mjane, mshairi anayejulikana nchi nzima, na alikula meza moja na wapangaji wengine. Mwaka 1927 alichaguliwa kuwa mjumbe wa Akademia ya Kifalme ya lugha ya Kihispania. Hakuwahi kwenda kukikalia kiti chake. Barua ya habari hiyo ilimkuta akiwa mpangaji wa chumba kimoja.

Chumba chake kiko mwisho. Nilidhani nitakuta kamba ya kuzuia watu na taa za madoido. Kuna kitanda cha chuma, chembamba, cha mtu ambaye hatarajii kugeukageuka. Kuna meza iliyofunikwa kitambaa na kiti kimoja. Kuna beseni la kunawia, na jiko dogo la mafuta ya taa la kupasha moto. Jiko lile nililitazama kwa muda mrefu kuliko vitu vyote. Segovia iko kiasi cha mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Desemba inaingia kupitia soli za viatu. Yule mama anayeongoza wageni humo ndani alitusimulia kisa kinachosimuliwa sana pale: kwamba Machado alikuwa akifungua dirisha wakati wa baridi ili chumba kipate joto kutoka nje. Aliposema hivyo wageni walicheka. Mimi nilikuwa nimeshika glavu zangu, nikazivaa tena.

Mama yule ni sababu nyingine ya nyota tano. Alisema taratibu, alimtazama kila mtu, na aliponiona nakunja uso alirudia kwa maneno mepesi bila kupandisha sauti. Wanaofundisha lugha wanajua hiyo ni kazi. Nilipomwambia nami nafundisha Kifaransa alinishika mkono akaniweka mbele ya meza, akanyamaza.

Hapa niseme jambo ambalo ziara ya basi haikunifundisha, nililielewa nikiwa nimesimama mbele ya kitanda kile. Maisha ya Machado ukiyasoma vitabuni unaambiwa habari za roho ya Castilla, nchi ya katikati ya Hispania, upweke, ndoto. Yasome kama faili la mtumishi wa serikali uone yanavyonyooka. Alizaliwa Sevilla 1875, akakulia Madrid, akajaribu hiki na kile mpaka akapita umri wa miaka 30. Kisha akafanya mtihani wa serikali wa ualimu wa Kifaransa na mwaka 1907 akapangiwa Soria, mji mdogo wa baridi kando ya mto Duero. Mwaka 1912, mwezi wa Agosti, mke wake akafariki. Akaomba uhamisho haraka, akapata Baeza, kusini, katikati ya mizeituni, akakaa miaka saba akinung'unika kwenye barua. Huko akasoma shahada ya falsafa kama mtahiniwa wa kujitegemea, akisafiri kwenda Madrid kufanya mitihani, mtu mzima na kitambi chake kati ya vijana. Akaomba uhamisho tena. Madrid hakuna nafasi. Akapata Segovia, ambayo angalau ina treni ya kumfikisha Madrid mwisho wa wiki kwa mama yake na ndugu zake. Madrid yenyewe aliipata 1932. Miaka 25 ya kungoja kituo cha kazi! Walimu wenzangu, mnaijua barua hiyo.

Na kila kituo kilimpa kitabu au mashairi ambayo Madrid isingempa. Soria ilimpa nchi kavu, miamba ya kijivu na mto, navyo vimejaa katika kitabu chake kikubwa cha 1912. Baeza, aliyoilalamikia, ilimpa mafumbo yake mafupi mafupi na macho ya kuona umaskini wa mashamba makubwa. Segovia ilimpa wale walimu wa kubuni, Abel Martín na Juan de Mairena, ambao aliwaandikia maisha, falsafa na hata mashairi yao wenyewe. Mairena ni mwalimu anayefundisha darasani kwa mizaha na maswali, na ukimsoma unahisi kwamba aliyemwandika alikuwa ametoka kusahihisha madaftari ya vitenzi asubuhi hiyohiyo.

Niongeze kisa cha Baeza, kwa sababu ya ile kampuni yangu. Juni 1916 mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha Granada, Martín Domínguez Berrueta, aliwapeleka wanafunzi wake Baeza kwa ziara ya masomo. Machado aliwasomea mashairi. Mmoja wa wanafunzi hao alikuwa kijana wa miaka 18, ambaye siku hizo alijulikana zaidi kwa kupiga piano, na akawapigia. Alikuwa Federico García Lorca, aliyekuja kuwa mshairi mashuhuri wa Hispania. Hivyo ndivyo ziara inavyofanywa. Hakuna binamu mwenye duka.

Kuna jambo moja ambalo ziara zote, ya basi na ya nyumba, zinalipitisha kwa sauti laini, nami sina sauti laini. Leonor Izquierdo alikuwa binti wa mwenye nyumba ya wapangaji kule Soria. Machado alimwoa Julai 1909. Bibi harusi alikuwa na miaka 15, bwana harusi 34. Sheria ya Hispania iliruhusu. Na sheria yetu ya ndoa ya 1971 iliandika 15 hiyohiyo kwa msichana mwenye idhini ya wazazi, mpaka Mahakama Kuu mwaka 2016 na Mahakama ya Rufani mwaka 2019 zikasema ibadilishwe. Mimi nafundisha wasichana wa umri ule kila asubuhi. Najua wanachoandika pembeni mwa madaftari. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema "mapenzi ya ajabu ya mshairi na msichana wake" nywele zinanisimama.

Hata hivyo shairi alilomwandikia, au tuseme aliloandika akiwa anamuuguza, siwezi kulitupa. Mwaka 1911 walikuwa Paris, yeye akihudhuria mihadhara ya mwanafalsafa Bergson kwa posho ya masomo, na tarehe 14 Julai, siku ya sherehe za taifa la Ufaransa, Leonor akatapika damu. Kifua kikuu. Akamrudisha Soria, akawa anamsukuma kwenye kiti cha magurudumu kumtafutia hewa. Mei 1912 akaandika juu ya mti mkongwe uliopasuliwa na radi, nusu yake imeoza, ambao kwa mvua za Aprili na jua la Mei umechipua majani machache mabichi. Anauambia mti: kabla hujawa kuni, kabla mto haujakusukuma baharini, ngoja niandike tawi lako hili. Na mwishoni anasema moyo wake nao unangoja muujiza mwingine wa majira yale. Jina la mke halimo. Ugonjwa haumo. Leonor alikufa tarehe 1 Agosti. Nalisoma nikiwa na hasira na ninalipenda, na sioni haja ya kuchagua.

Mwanamke wa Segovia ni mwingine. Mwaka 1928 alifika hapo Pilar de Valderrama, mshairi, mke wa mtu, kutoka Madrid. Machado alimwita Guiomar katika mashairi, wakawa wakikutana kwa siri mikahawani Madrid mwisho wa wiki, na barua za Machado kwa Pilar zilikuja kujulikana baada ya Machado kufa. Mashairi hayo ni mazuri, lakini kwangu mimi yana manukato mengi kidogo. Kinachonifurahisha ni kwamba stesheni ya treni ya kasi ya mji huo leo inaitwa Segovia-Guiomar. Mapenzi ya kujificha, leo yanatangazwa kwenye vipaza sauti kila treni inapoingia.

Ukitoka kwenye nyumba tembea mpaka uwanja mkuu, si mbali, simama mbele ya ofisi ya halmashauri ya mji na uinue macho. Tarehe 14 Aprili 1931, Jamhuri ilipotangazwa, Machado alikuwa miongoni mwa waliopandisha pale bendera yake ya rangi tatu. Basi letu lilikuwa limepaki karibu, na hakuna aliyetuambia. Wala hatukuambiwa habari za Chuo cha Umma cha Segovia, ambacho yeye na walimu wenzake walikianzisha 1919, mwaka uleule aliohamia: madarasa ya jioni ya bure kwa wafanyakazi, na maktaba ya kuazima vitabu. Chuo hicho ndicho kilichokuja kuwa Akademia ya San Quirce, na isingekuwa wao kuitunza nyumba hii sidhani kama kitanda kile cha chuma kingekuwepo. Mtu anayetoka kufundisha kutwa halafu jioni akafundisha bila malipo, kwenye baridi ile, ndiye Machado ninayemheshimu kuliko wa kwenye vikombe.

Yaliyofuata hayako katika nyumba hii, ila mtatoka mkiyauliza. Vita vilimsukuma Valencia, kisha Barcelona, na mwisho wa Januari 1939 akavuka mpaka kuingia Ufaransa na mama yake mzee, kwenye msafara wa wakimbizi, mizigo na karatasi zake zikipotelea njiani. Alikufa Collioure, mji mdogo wa hukohuko Ufaransa, tarehe 22 Februari. Mama akamfuata siku tatu baadaye. Ndugu yake José alikuta kwenye mfuko wa koti kikaratasi chenye mstari mmoja juu ya siku za buluu na jua la utotoni. Ndugu mwingine, Manuel, mshairi pia na mwandishi mwenzake wa tamthilia, alikuwa upande wa Franco, jenerali aliyeshinda vita hivyo. Kaburi bado liko Collioure, na lina sanduku la barua, kwa sababu watu wanamwandikia.

Kwa wanaopanga kwenda, haya yangu ya kuongezea.

Msinunue ziara. Treni ya kasi kutoka Chamartín, Madrid, inachukua kama nusu saa, kisha basi la mji linakupandisha hadi kwenye mfereji wa Warumi. Machado alisafiri kati ya miji hiyo kwenye mbao za daraja la tatu, na ana shairi la kuchekesha kuhusu kusafiri na mzigo mwepesi, kuhusu kutolala ndani ya treni, usiku kwa kuwa hana mazoea ya kulala, mchana ili aitazame miti ikipita, na kuhusu mtawa kijana aliyekaa mbele yake. Lisomeni mkiwa ndani ya treni. Angalieni kwanza siku na saa za kufungua, maana nyumba ndogo kama hizi hufungwa ghafla ukiwa mlangoni. Wenye magoti mabovu, kuna ngazi. Vaeni soksi mbili.

Kabla ya kwenda someni walau shairi moja, na mimi nashauri lile la kumbukumbu ya utotoni, limo katika kitabu chake cha 1907. Ni mchana wa baridi, mvua inagonga vioo, ukutani kuna picha ya Kaini akikimbia na Abeli chini kando ya doa jekundu. Mwalimu mzee, mkavu, aliyevaa ovyo, kitabu mkononi, ananguruma. Watoto wanaimba kwa sauti moja: elfu mara mia, laki moja, elfu mara elfu, milioni moja. Nimesimama kwenye darasa hilohilo mwezi wa Aprili, masika yakiwa juu ya bati, na wasichana arobaini na kitu wakiimba vitenzi vya kundi la tatu. Tena alipoliandika alikuwa hajashika chaki. Miaka michache baadaye yeye mwenyewe ndiye alikuwa mwalimu mwenye koti lililojaa majivu ya sigara, na katika shairi lake la kujichora akaikiri hiyo mivao yake ya ovyo.

Vitabu nunueni Madrid, kwenye vibanda vya vitabu vya mitumba vya Cuesta de Moyano, karibu na stesheni ya Atocha. Mimi nilipata mkusanyo wa mfukoni wenye jalada lililochanika, na mwenye kibanda akanipunguzia alipoona nahesabu sarafu. Kampuni ya ziara nimeiandikia kudai pesa ya chakula. Wamejibu kwa heshima kwamba saladi ilikuwemo kwenye bei.